Sala ya Sufuria

Mtaa wetu wa Kansanga hautaki filamu isiyo na bunduki. Nalisema hilo kwa uzoefu, si kwa dharau, maana mimi mwenyewe nimekula kwa bunduki hizo miaka mingi. Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Nakaa kwenye pembe ya kibanda cha video, nyuma ya kipande cha kitenge kilichopigiliwa misumari, maikrofoni mkononi, na kila mtu anayefungua mdomo kwenye skrini namfunga wake na kufungua wangu. Waganda wana watafsiri wao wa Kiganda, watu wenye majina, wanaosalimiwa barabarani. Sisi Wakongomani wa kule mashariki, pamoja na Wakenya waliokuja hapa kutafuta, tuna mimi.

Wasioijua kazi hii wanafikiri mtafsiri anatafsiri. Wapi! Kutafsiri ni kazi ya mahakamani. Kibandani mtafsiri anaongea, na haruhusiwi kunyamaza, maana akinyamaza kidogo tu watu wanageuka kuangalia balbu, wanadhani umeme umekatika. Jambazi akipanda ngazi namwambia apande taratibu, mwenye nyumba hajalala. Bibi harusi akilia naeleza kwa nini analia, na kama filamu haikusema sababu, mimi sikosi. Mhusika aliyegeuza mgongo ndiye zawadi kubwa kuliko wote. Midomo yake haionekani, kwa hiyo anaweza kusema chochote, na kwangu huwa anasema.

Mwenye kibanda ni Mkenya mmoja mwenye tumbo la heshima. Anasimama mlangoni muda wote, chini ya ile spika kubwa aliyoitundika nje ili kuvuta wapita njia, na anapokea pesa bila kuangalia uso wa mtu. Ndiye aliyeniletea mfululizo mmoja wa televisheni. Aliupata kwenye flashi pamoja na filamu alizozitaka kweli, kama fupa la nyongeza buchani. Ulikuwa wa mwanamke wa nchi ya baridi, mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, ambaye siku moja anachoka na vinywa vya watu, anapanda jukwaani kwenye baa fulani na kuanza kuchekesha. Msimu baada ya msimu anachekesha. Hapigwi risasi mtu. Hata mbwa hafi. Mkenya aliniuliza kama naweza kufanya lolote na huyo mama, nikasema lete, kwa sababu Jumamosi mchana kibanda kilikuwa kimelala kikisubiri mpira wa jioni, na mimi nilitaka saa zangu mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza nilitafsiri kama mwanafunzi mzuri. Mchekeshaji alisema jambo kuhusu theluji, gari na koleo la jirani. Kwenye skrini watu wakaanguka kwa kicheko, mmoja akamwaga bia. Kwenye benchi zetu mwanamke mmoja akauliza theluji ilikuwa imemkosea nini. Jamani, kuna aibu gani kubwa kuliko kicheko kinachotoka kwenye spika wakati watu wenyewe wamenuna? Mkenya alisonya mpaka nikamsikia nyuma ya kitenge.

Aliyeniokoa ni mama.

Yule mchekeshaji alikuwa na mama yake kwenye hadithi, mzee wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani, kutugeuzia mgongo na kucheza karata peke yake. Wiki ya pili binti alikwenda kumtembelea. Binti anasimama, mzee anapanga karata, filamu inanyamaza, wala hawana haraka, maana wenzetu wanapenda sana kunyamaza wanapokuwa na mambo ya kusema. Nikiwa na mgongo mkubwa namna ile mbele yangu, na benchi zimeanza kupiga miayo, nilifungua mdomo, na aliyetoka alikuwa mama yangu.

Lazima nimweleze mama. Ni shemasi katika kanisa letu na anauza vitenge, anavitembeza kwa miguu mpaka kwenye magorofa ya Bugolobi. Mama hagombani na mtu. Tangu tutoke Bukavu sijawahi kumsikia akigombana. Mama anaomba. Tunaishi chumba kimoja katika safu ya vyumba, na kuta zake zimeishia kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo anayekohoa wa kwanza anaambiwa pole na wa mwisho. Kila jioni kabla ya kula, mama anasimama, anainua mkono mmoja, na kwa Kiswahili safi cha Biblia anampelekea Mungu mashtaka ya safu nzima. Anamwombea mwenye nyumba, ambaye Bwana amempa macho ya kuona kodi ikichelewa na kumnyima ya kuona bati likivuja. Anamwombea mchungaji, ambaye Roho humshukia kila Jumapili wakati maharage ya watu yako jikoni. Kila jirani anasikia fungu lake na hana la kujibu, maana nani atamjibu mtu anayeongea na Mungu?

Sala iliyonitoka siku ile ilikuwa ya sufuria. Jirani wa mlango wa pili, kiongozi wa kwaya, alikuwa ameazima sufuria kubwa ya mama kwa ajili ya sherehe, akairudisha bila mfuniko. Mama alikuwa ameomba hivi, jioni ambayo jirani mwenyewe alikuwa mazoezini kwenye kwaya, na ndivyo nilivyomfanya yule mzee wa karata aombe: "Ee Bwana, nakushukuru kwa ajili ya dada yetu. Ulimpa sauti ya kuimba, ukampa na mikono ya kuazima. Sufuria yangu ilitoka hapa na mfuniko wake, wewe ulikuwepo, uliona. Imerudi peke yake. Simuulizi yeye, Bwana, asije akaona vibaya. Nakuuliza wewe unayeona yote: mfuniko wangu unafunika nini leo?"

Kibanda kilivunjika mbavu kwa kicheko. Watu walipigana makofi ya mgongo, mtoto mmoja alizinduka usingizini akalia, na Mkenya akaingiza kichwa kuangalia nani amekufa. Aliyecheka kuliko wote alikuwa yule jirani mwenyewe. Alifuta machozi kwa pindo la kitenge, na tulipotoka akanishika mkono kuniuliza ni mwanamke wa namna gani anayeazima sufuria na kurudisha nusu. Nikamwambia Ulaya wamejaa.

Basi tangu siku hiyo mfululizo ukawa wetu. Mchekeshaji alipozungumza juu ya kodi ya serikali yao, kwangu alikuwa anasimulia alivyosikia mama yake akiombea mwenye nyumba. Alipolalamika kuhusu treni, kwangu alikuwa anaeleza mahubiri yaliyounguza maharage. Wanawake wakaanza kuja kwa makundi, na watoto mgongoni na njugu kwenye kavera za plastiki, na Wakenya wa maduka ya jirani wakafunga mapema Jumamosi. Kila jioni nyumbani nilisikiliza sala kwa makini ya mtu anayejiandaa kwa mtihani. Sikuona aibu, na hapa siombi radhi. Mtafsiri anachota panapo maji, na mama alikuwa kisima. Tena nilipata bahati, maana misimu ilivyosonga sala zake zilizidi kunoga. Zilikuwa na mwanzo, zikapindapinda, zikafika mahali hukutarajia. Nilidhani ni umri.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mama hakujua kuwa nafanya kazi kibandani. Zamani nilikuwa mkalimani Mulago, hospitali, nikiwasemea wanawake wa kwetu waliofika pale bila Kiingereza wala Kiganda. Ile ndiyo kutafsiri. Mwanamke akisema tumbo linamkata kama wembe, unasema wembe, huongezi kisu. Mama aliipenda kazi ile. Kanisani alikuwa akinitambulisha kama msaidizi wa madaktari, na sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Kazi ilipokwisha sikumwambia imekwisha. Ningemwambiaje nimehamia kibandani, mahali ambapo mashemasi wanapaita ofisi ya Shetani? Kwa hiyo kila Jumamosi nilivaa viatu vya ofisini, nikaaga naenda Mulago, naye akiwa anakunja vitenge vyake vya Bugolobi alinijibu neno lile lile.

"Salimia wagonjwa."

Nilikuwa nashuka mteremko nikiwa na dhambi miguuni, na kwa kuwa viatu vyenyewe vilibana, nilihesabu kuwa naadhibiwa vya kutosha. Kuhusu washirika wa kanisa waliojaa kwenye benchi zangu, hao hawakunitisha. Ambaye angenitaja kwa mama angekuwa amejitaja mwenyewe.

Sasa mfululizo ukafika kipindi cha mwisho. Mkenya aliniita pembeni. Alisema mashabiki wa mpira wanataka na Jumamosi mchana, kuna ligi fulani mpya, na yeye hana ugomvi na mtu. Nikijaza kibanda siku ya mwisho, mchana wa Jumamosi utabaki wangu nichague mfululizo mwingine. Nisipojaza, ni wa mpira. Nilimwambia ajiandae kuongeza benchi. Nilikuwa nimeshaichungulia ile filamu nyumbani kwenye simu, na mama wa mchekeshaji alikuwa ameonyesha mgongo kwa wingi.

Halafu kiongozi wa kwaya akaharibu. Wanawake wa kanisa walikuwa wamekaa kikao chao, na ndani ya kikao ikaonekana, sijui kwa mantiki gani ya mbinguni, kwamba mfululizo huu ni filamu ya Kikristo. Ukifikiri, hawakukosea sana. Mama wa mchekeshaji anaomba kila wiki. Anamtaja Bwana kuliko wahubiri wengi wa redio. Anakemea wizi, uchoyo, uvivu wa waume. Kikao kikaamua umoja wa wanawake waende pamoja kuangalia mwisho wake, na kwa kuwa jambo la kanisa haliendi bila shemasi, wakamwalika mama. Jirani aliniambia haya akiwa amejaa furaha, akinikonyeza, kwamba hatimaye mama yangu atanisikia nikifanya kazi ya Mungu.

Hilo lilinitisha. Acha niseme kwa nini, maana si kwa hofu ya kutukanwa. Mama hatukani. Lakini ana dada yake, mama yangu mdogo, aliyebaki Bukavu. Waliwahi kukoseana, sikuambiwa kwa lipi. Mama hakumsema vibaya hata mara moja. Alimtoa tu kwenye sala. Mwenye nyumba anaombewa, mwizi wa vitenge aliombewa mwezi mzima, hata mbwa wa mtaa aliyemng'ata aliombewa meno. Dada yake hatajwi. Kwa mama, kuombewa kwa kejeli ni kuwa ndugu, na kutotajwa ni kuzikwa. Jumamosi ningeweza kupata mahali pengine. Mama sina mwingine, na nilijua nikirudi nyumbani siku hiyo nitasikiliza sala yake mpaka amina kuona kama bado nimo.

Asubuhi yake nilijaribu ujanja. Nilisema nimesikia filamu za siku hizi hata za Kikristo zina mambo. Mama alikuwa anapiga pasi kitambaa chake cheupe cha ushemasi. Akasema kama zina mambo ataziombea, na akanipa pole kwamba nitaikosa, kwa vile nina wagonjwa. Ilinibidi nivae vile viatu.

Kibanda kilijaa kuliko siku za fainali ya mpira. Wanawake wa kanisa walikalia upande mzima, wale Wakenya wa maduka wakasimama ukutani, na muuza njugu aliacha biashara akakaa chini. Kwenye kile kitenge kuna tundu moja la msumari. Nikachungulia. Mama alikuwa benchi la mbele katikati, kitambaa cheupe, mkoba magotini, mgongo wima. Alikuwa anaangalia skrini ambayo haijawashwa bado, kwa adabu ile ile anayomwangalia mchungaji.

Nilianza kwa kubadilisha sauti. Niliifanya nzito, ya kiume. Kabla mchekeshaji hajamaliza sentensi ya kwanza, mtu akauliza kama mtafsiri anaumwa mafua, mwingine akanishauri tangawizi. Nikaacha. Lililobaki ni kutafsiri kweli, kama Mulago. Wembe ni wembe. Mchekeshaji aliposema habari za theluji, nikasema theluji. Aliposema ofisa wa kodi, nikasema ofisa wa kodi. Sikumwongezea mtu hata chumvi ya kuombea.

Mwanzoni watu walinivumilia, walidhani napasha moto. Kisha benchi zikaanza kulia kwa watu kugeukageuka. Mtoto akaulizwa kama anataka kukojoa, akakataa, akatolewa nje hivyo hivyo. Mzee wa karata alipotokea dirishani, mgongo huo, mpana kama mlango, wanawake wakaanza kuitana kwa matumaini kwamba sasa mama aombe. Nikasikiliza Kiingereza chake kwa uaminifu wote. Nikasema, "Anasema kesho kutakuwa na upepo." Kibanda kizima kiliguna. Mkenya, pale mlangoni, alitoa simu yake mfukoni, nikajua anawapigia wa mpira.

Kisha ikafika sehemu ya mwisho. Yule mchekeshaji amekwishakuwa mtu mkubwa, amezunguka miji, na sasa anarudi kwenye ile baa ndogo ya mwanzo. Na kwa mara ya kwanza katika misimu yote, mama yake ametoka dirishani na kuja kumsikiliza. Amekaa mbele. Mkoba uko magotini. Ningekuwa nimeitunga mimi mngesema nimezidisha, lakini hiyo sikuitunga, waliitunga wenyewe kwao na kuniletea. Mchekeshaji alishika maikrofoni akasema kwamba kila kitu cha kuchekesha alichowahi kusema alikisikia kwa mama yake kwanza.

Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Halafu kamera ikaenda nyuma ya yule mzee. Mgongo. Hakuna anayesema. Filamu imenyamaza, na mimi nimenyamaza, maikrofoni iko mdomoni na hakuna kitu kinachotoka. Nilikuwa na sala nyingi za mama, nimezipanga kichwani, ya sufuria, ya maharage, ya bati, na hata moja sikuweza kuitoa mbele ya mwenye nayo. Kimya kikarefuka. Watu wakageuka kuangalia balbu. Mkenya akaangalia soketi.

Mama akasimama. Aliweka mkoba benchini kwanza, bila haraka, akainua mkono.

"Ee Bwana," akasema, "tumekusanyika hapa, na mtoto uliyempa kazi ya kusema amenyamaza."

Nadhani kwa muda mfupi hakuna aliyeelewa. Kisha kicheko kikaanzia nyuma, kwa Wakenya, kikaja mbele kama mvua inavyokuja kwenye bati. Ilikuwa sauti yenyewe. Watu walikuwa wameisikia misimu yote kupitia koo langu, na sasa imesimama mbele yao imevaa kitambaa cheupe. Mama hakushtuka. Aliacha wacheke. Mkono uko juu, macho amefumba, alingoja mpaka yule wa mwisho aishiwe pumzi.

"Labda ni koo. Kama ni koo, mponye. Kama ni woga, Bwana, mimi sikumzaa nao. Alitolewa hospitali akiwa mzima."

Akangoja tena. Kwenye skrini watu wa baa walikuwa wanasimama kumpigia makofi mchekeshaji, na benchi zetu zilikuwa zinasimama kumpigia mama, sikujua tena kelele ipi ni ya wapi.

"Na tukiwa bado mbele zako," akasema polepole kabisa, "uniangalizie mfuniko wangu. Hauko mbali. Nahisi kama umekaa nyuma yangu hapa."

Nilimwona kiongozi wa kwaya kupitia tundu. Alikuwa amefungua mdomo kucheka, na mdomo ukabaki wazi bila kicheko. Misimu yote ile ilimpitia usoni. Nami nililia, nasema wazi, nililia nyuma ya kile kitenge na maikrofoni imewashwa, na watu wakadhani ni mchekeshaji. Walisema baadaye sijawahi kumtafsiri vizuri namna ile.

Majina yalipoanza kupanda kwenye skrini, Mkenya alikuja mbio nyuma ya pazia. Nilidhani amekuja kunipongeza. "Huyo mama ni nani?" akaniuliza. "Jumamosi huwa ako na shughuli?"

Tulipanda mteremko kurudi nyumbani, mama mbele, mkoba mkononi. Pale barabarani alisimama kununua dagaa, akapunguziwa bei, akashukuru. Nikaona nianze mimi. Nikaanza na Mulago, kwamba kazi ile, kwa kweli, kuna jambo sikuwahi kumweleza vizuri. Aliniacha niparamie maneno mpaka nikakwama, ndipo akaniuliza kama nilikuwa nafikiri spika ya nje imegeuzwa kuelekea mbinguni.

Ile spika. Mimi naingia kabla haijawashwa na natoka ikiwa imezimwa. Sijawahi kuisikia nikiwa nje. Kumbe pembeni ya kibanda kuna baraza la fundi cherehani, mshona vitenge, na mama anamletea kazi. Bugolobi alikuwa anakwenda asubuhi tu. Jumamosi mchana alikaa pale barazani na chai, akinisikiliza tangu wiki ya sufuria. Alinieleza hayo bila hasira, huku akikagua dagaa kama hawana mchanga. Kisha hasira ikaja, lakini si ile niliyoitegemea.

"Unaharakisha," akasema. "Ya mchungaji na maharage niliipanga tangu Jumatatu. Nikaja nikakaa pale, ukaikata katikati ili umtafsirie mzungu anayefungua mlango."

Aliendelea hivyo mpaka nyumbani. Ya mwenye nyumba nilikuwa nimeitia mbuzi asiyekuwemo, na mbuzi aliharibu mwisho. Ya mwizi wa vitenge niliisema vizuri ila nilicheka mwenyewe kabla ya watu. Mimi niliyejiona mwizi hodari kumbe nilikuwa napakuliwa na mama mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akanishangaa. Yeye ni shemasi, atasemaje anajua yanayosemwa kibandani? Baadaye nilimdodosa jirani ni nani kwenye kile kikao aliyesema kwanza kwamba ile ni filamu ya Kikristo. Alifikiri sana. Akasema hakumbuki vizuri, ila shemasi ndiye aliyekuwa ameuliza kama huko nje hakuna filamu yoyote yenye baraka.

Jioni mama alisonga ugali wa muhogo. Sufuria ile kubwa tulikuwa tunaifunika kwa sahani siku zote hizo, na sahani ilikuwa inateleza. Nikasikia kitu kimegongwa mlangoni. Nilipofungua hapakuwa na mtu. Palikuwa na kavera nyeusi, na ndani yake mfuniko, umesuguliwa kwa jivu mpaka unang'aa kuliko ulivyoondoka. Mama aliupokea, akaufunika, ukakaa sawasawa. Akasimama, akainua mkono.

Alimshukuru Mungu kwa mfuniko na kwa dada aliyekumbushwa. Alimwombea mwenye nyumba na bati lake. Alimwombea mchungaji. Alimwombea Mkenya, ambaye Bwana amempa tumbo la kutosha watu wawili, ampe na shukrani ya mmoja. Alimwombea hata yule mzungu wa karata, apate mtu wa kucheza naye. Dagaa walikuwa wanapoa. Mimi nilikuwa nimeinama nikisikiliza kila jina likipita, na langu halikuja. Alifika pale anapomalizia siku zote, pale pa kuombea safari za wanaosafiri, akapamaliza. Kisha akanyamaza.

Nilifungua jicho moja. Mkono wake ulikuwa bado juu. Sijui alikaa hivyo muda gani, ukutani kwa jirani hakuna anayekohoa, safu nzima imekaza masikio.

"Na huyu mtoto wangu, Bwana," akasema mama, "mfundishe kungoja."

Nikasema amina kwa nguvu zangu zote.

"Bado," akasema, macho amefumba. "Sijamaliza."